Makorokoro ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi, na nyumbani tuko watu saba kwenye vyumba viwili na sebule, Dar es Salaam. Maswali haya nimeyaokota kikobani, kazini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kwa majirani ambao wakikuta siku moja kwangu kumekaa vizuri wanadhani ndivyo kunavyokaa siku zote. Yanayofanana nimeyaunganisha.

## Pa kuanzia

Nyumba imejaa kila kona. Nianzie wapi?

Anzia mahali padogo, unapopaona kila siku, na ambapo vitu vingi ni vyako mwenyewe. Usianze na stoo wala uvungu wa kitanda. Uvunguni kuna vitu vya miaka kumi; utavitoa vyote saa nne asubuhi, saa nane utakuwa umechoka, umeshika albamu ya picha, na kitanda hakina pa kupitia. Jioni utavisukuma vyote vilikotoka.

Mimi nilianza na meza ya chakula, ambayo kwa miaka miwili hakuna aliyeilia chakula. Juu yake nilikuta chaja tatu na inayochaji ni moja, kopo la losheni lililokatwa katikati ili likombwe, daftari la Hisabati la mtoto ambaye tayari yuko sekondari, misumari ndani ya kikombe, na kitunguu kimoja kilichochipua hadi majani. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Usiku ule tulikula mezani, na mdogo akauliza kama kuna mgeni anakuja.

Mbona nikipanga leo, kesho kutwa pameharibika tena?

Kwa sababu ulipanga vitu ambavyo havina kwao. Chukua mkasi. Nyumba nyingi zina mkasi, na nyumba nyingi zinautafuta. Ukiwauliza watu watano wa nyumba moja mkasi unakaa wapi, ukapata majibu matano, basi mkasi huo hauna kwao. Popote utakapoachwa ni sawa, na hakuna wa kulaumiwa.

Kitu kina kwao pale ambapo hata mtoto wa darasa la pili akitumwa gizani umeme umekatika atakipata. Kabla ya kununua kabati jipya, tembea na hilo swali nyumbani kwako. Utashangaa ni vitu vichache kiasi gani vinavyopita mtihani huo. Kwangu vilikuwa chumvi, kiberiti na rimoti, na rimoti kwa sababu tu ilifungwa kamba.

Hiyo "S tano" ya hospitalini ni nini, na inafaa nyumbani?

Ni utaratibu uliotoka kwenye viwanda vya Japani. Hospitali zetu ziliuanza mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikitangulia, kisha ukasambaa mikoani. Kwa Kiswahili tunafundishwa hivi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Unasasambua kwa kutenga kinachotumika na kisichotumika. Unaseti kwa kukipa kila kitu mahali pake, karibu na kinapotumika. Kusafisha kunajieleza. Kusanifisha ni kukubaliana njia moja ambayo wote wanaijua, kwa lebo na alama. Kushikilia ndiko kunakowashinda wengi, wodini na nyumbani.

Kilichonisaidia zaidi ni lebo nyekundu. Wodini kitu chenye mashaka kinabandikwa lebo, kinawekwa pembeni, na muda uliopangwa ukipita bila mtu kukihitaji, kinaondoka. Nyumbani natumia kiroba: natia vitu nisivyo na uhakika navyo, nafunga, naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kinakaa juu ya kabati miezi mitatu. Mtu akihitaji kitu, kiroba kinafunguliwa na kitu kinarudi bila maneno. Asipohitaji, kinatoka kama kilivyo. Usikifungue kuchungulia kabla ya kukitoa. Nakuambia kwa uzoefu.

Ila kuna mahali S tano inagoma. Toroli bovu la wodini halina mtu wa kulililia. Nyumbani karibu kila kitu kina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko Songea. Ndiyo maana hapa chini kuna sehemu nzima inayohusu watu.

Wanasema kitu usichotumia mwaka mzima utupe. Ni kweli?

Kanuni hiyo ni ya nyumba ambazo bomba halikauki. Madumu sita ya lita 20 nyuma ya mlango wangu yanaweza kukaa mwezi bila kazi, halafu maji yakakatika siku nne, na hayo madumu ndiyo yanayonitoa. Jiko la mkaa ni hivyo hivyo: mtungi wa gesi ukiisha usiku, hutalitafuta jiko ulilompa jirani. Sufuria kubwa ya pilau hutoka mara mbili kwa mwaka, na siku ikitoka, ukoo mzima unaijua.

Kwa hiyo usihesabu mwaka. Jiulize mambo mawili: siku nikikihitaji nitakipata wapi, na kwa shilingi ngapi? Sufuria ya kupikia watu mia unaweza kuiazima kwa jirani au kuikodi. Dumu huwezi kuliazima siku ambayo mtaa mzima hauna maji. Sufuria inaweza kuondoka, dumu linabaki. Lakini dumu linalovuja si akiba tena.

Narudi kazini usiku. Nipate wapi muda?

Dakika kumi kabla ya kulala, watu wote, taa ya sebuleni ikiwaka. Kila mmoja anaokota vya kwake na kuvirudisha kwao. Mkishindwa siku moja, basi, mmeshindwa, endeleeni kesho. Usafi mkubwa wa Jumamosi unaotegemea mtu mmoja mwenye hasira ndio unaofanya watoto wachukie neno "kupanga".

## Chumba kwa chumba

Sebule yangu ni ndogo na inaonekana imejaa hata ikiwa safi. Tatizo nini?

Makochi. Sipendi kusema hivi kwa sababu najua yaligharimu nini, lakini piga hesabu. Sebule ya futi 10 kwa 10, kochi likichukua futi 3 huku na jingine futi 3 kule, zimebaki futi 4. Weka meza ya katikati ya futi 2, na mtu anapita ubavu ubavu. Bado hujaweka kabati la TV, feni, na stuli za wageni.

Fundi seremala anatengeneza seti ya watu saba kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka, hajaiona sebule yako. Kama hujanunua, chora ukubwa wa kochi sakafuni kwa chaki, ishi na mchoro huo siku mbili. Kama umeshanunua, toa kwanza meza ya katikati na uone. Sisi tulimpa dada yangu kochi la mtu mmoja, na ghafla tukagundua tuna dirisha.

Nguo zilizoanuliwa zinakaa kwenye kochi wiki nzima. Nifanyeje?

Hapo umetaja mwenye nyumba halisi. Nguo chafu hazina shida, zina tenga lao. Zinazoua sebule ni safi zilizotoka kambani na zikamwagwa "kwa dakika moja".

Kwangu kukunja kunafanyika kambani. Kila mtu ana beseni lake na jina lake. Anayeanua anakunja nguo papo hapo na kuiweka kwenye beseni la mwenyewe. Inachukua dakika nyingi zaidi pale kambani, ila nguo zinapoingia ndani zinakwenda moja kwa moja chumbani. Beseni likikaa sebuleni hadi usiku, mwenyewe analikuta kitandani kwake, juu ya mto.

Halafu kuna nguo za katikati, zile zilizovaliwa mara moja na bado hazijafikia kufuliwa. Hizo ndizo zinazozaa mlima kwenye kiti. Piga misumari au ning'iniza henga nyuma ya mlango, tatu kwa kila mtu. Ya nne inakwenda kwenye tenga.

Nina vitenge na magauni ya sare za harusi zaidi ya ishirini. Nimevaa kila kimoja mara moja. Vinakwenda wapi?

Ukiweza kushona upya, shona: gauni la sare linatoa sketi ya mtoto na foronya mbili. Usipoweza, kubali kwamba pesa ilikwisha kutoka siku ya sherehe na ulishaila kwa kucheza. Khanga ni habari nyingine, khanga haiozi wala haipitwi. Doti ambayo hujaikata ni zawadi iliyokwisha nunuliwa, weka pamoja na zenzake kwenye sanduku moja, msiba au uzazi ukitokea unajua pa kushika.

Gauni la sare alilonunua bibi harusi mwenyewe akakupa, muulize moyo wako. Mimi nina moja nisiloweza kulitoa na sina sababu ya maana.

Nguo kabatini zinanuka ukungu wakati wa masika. Ni kwa sababu kuna vitu vingi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kati ya Machi na Mei hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na kabati lililoshindiliwa halipitishi hewa. Likigusa ukuta wa nje, mgongo wake unakuwa baridi na unyevu unakaa hapo. Sogeza kabati mbali na ukuta kiasi cha kupitisha ngumi, punguza nguo hadi mkono uingie katikati yake bila kulazimisha, na siku jua likitoka fungua milango. Usikunje kamwe nguo yenye unyevu kidogo ukisema itakaukia ndani.

Jikoni nina hotipoti tano, chupa za chai nne, na seti za vikombe ambazo hazijafunguliwa. Zawadi nitoe?

Toa, lakini andika nani alikupa. Mimi niliwahi kumpelekea mtu seti ya glasi kwenye kicheni pati, maboksi yake mazima kabisa, na aliyekaa kando ya bibi harusi mtarajiwa alikuwa mama aliyenipa glasi zile kwenye kicheni pati yangu. Alizitambua kwa kona ya boksi iliyochanika. Hakusema kitu. Alitabasamu tu, na tabasamu hilo bado naliona.

Vya kubaki nao: hotipoti mbili za kila siku na moja kubwa ya wageni. Na jambo ambalo mama zetu hawatalipenda: vile vyombo vizuri vilivyofungiwa kabatini vikisubiri wageni, vitoeni mvitumie. Tukitoa vizuri, vya plastiki vilivyopauka vinaondoka, na kabati linabaki na seti moja badala ya mbili.

Mifuko mbadala imejaa nyuma ya mlango. Tuliambiwa itapunguza taka.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia Juni 1, 2019. Ile ya plastiki tuliitupa kila siku. Hii mbadala ina sura ya kitu cha kudumu, basi mkono unasita kuitupa. Sasa kila nyumba ina mfuko mbadala mkubwa uliojaa mifuko mbadala midogo. Baki na kumi. Kunja miwili, mmoja kwenye pochi na mmoja kwa dereva kama mna gari, ili usinunue mwingine sokoni. Iliyozidi mpelekee mama anayekuuzia mboga, ataipokea kwa mikono miwili.

Mchele na unga niviweke wapi bila kujaza jiko?

Kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana. Ndoo ya lita 20 inameza kilo kumi na tano za mchele na zaidi kidogo, na ndoo moja hukaa juu ya nyingine, jambo ambalo kiroba hakiwezi. Kiroba kilichofunguliwa kinaanguka, kinamwaga, kinaita panya. Usimwage mchele mpya juu ya wa zamani. Maliza wa chini kwanza, la sivyo fukusi wanarithishana.

Maboksi ya karatasi ngumu usiyageuze makabati ya jikoni. Mende wanapenda zile njia nyembamba zilizo kati ya karatasi, na mayai yao wanayabandika humo humo.

Uani kuna ndoo zilizopasuka, matairi na makopo. Hayaonekani na wageni, kuna ubaya gani?

Hapa niruhusu kuongea kama muuguzi. Mbu anayeeneza homa ya dengi hahitaji dimbwi, anatosheka na kifuniko cha chupa chenye maji. Dar tumepata milipuko ya dengi, 2014 na 2019 mojawapo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, na mayai yake yakibandikwa kwenye ukingo wa chombo yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo unachobaki nacho kisugue pembeni kwa brashi, kisha kifunike au kigeuze.

Vilivyobaki vina wateja. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mtaani na mizani yao, chupa za plastiki zina wanaozikusanya, ndoo iliyopasuka inafaa kupandia mchicha ukiitoboa chini. Tairi usipokuwa na kazi nalo mwezi huu, liondoke.

## Watu

Mume wangu hataki kitu chochote kitupwe. Redio mbovu, waya, viatu bila kisigino. Nifanyeje?

Usitupe akiwa kazini. Utakuwa umetoa redio moja na umeingiza ugomvi wa miaka. Na kusema kweli, mara moja kwa mwaka ule waya unapatikana una kazi, na utasikia habari zake hadi Pasaka.

Mpe eneo. Mume wangu ana jaba moja lenye mfuniko. Chochote anachoona kina faida kinakaa humo, sikigusi, siulizi. Sharti ni moja: mfuniko ufunge. Likijaa, anachagua mwenyewe kitoke nini. Mwezi wa kwanza alikaa sakafuni jioni nzima akipima redio mbili zilizokufa, ipi imekufa zaidi. "Hii fundi alisema inahitaji spea tu," akaniambia. Nikamwuliza fundi alisema lini. Akacheka, akatoa zote mbili, akabakiza spika.

Watoto hawasikii. Nimesema hadi sauti imekauka.

Watoto wadogo hawaelewi "panga chumba". Sema "magari yote kwenye ndoo nyekundu." Ndoo bila mfuniko, wala si kabati lenye droo, kwa sababu kurusha ndani ni mchezo na kufungua droo ni kazi. Asiyejua kusoma mbandikie picha.

Wakubwa wana madaftari. Kila Desemba mrundo wa mwaka mzima unarudi nyumbani. Hifadhi madaftari ya darasa linalofuatiwa na mtihani wa taifa na yale atakayorejea mwakani. Mengine toa kurasa zenye jina, mpe muuza karanga. Mtoto aachiwe achague daftari moja la kumbukumbu. Binti yangu alichagua la darasa la kwanza kwa sababu mwalimu aliandika "Safi sana" kwa wino wa kijani.

Dada wa kazi anaweka vitu anapojua yeye. Nikitafuta sipati.

Basi yeye ndiye mwenye ramani ya nyumba, wewe ni mgeni. Mama mwenzangu, usimpangie jiko ambalo wewe unaingia mara mbili kwa siku na yeye anashinda humo. Kaa naye, muulize kwa nini mwiko uko kule. Mara nyingi ana sababu nzuri kuliko yako. Mkubaliane, halafu andikeni lebo, kwa sababu siku akiondoka kwenda kuolewa ataondoka na ramani.

Jingine ambalo hukuuliza: vitu vyake yeye vinakaa wapi? Katika nyumba nyingi nilizoingia, dada ana begi moja la shangazi kaja nyuma ya mlango, na ndilo tunalolalamikia kwamba linachafua chumba. Mpe droo au nusu ya kabati, liwe lake, lisifunguliwe na mtu.

Mama mkwe akija anakuja na vikapu, vyungu, masinia. Nikiviondoa ataumia.

Usiviondoe, vipe kazi. Kikapu cha mama kwangu kinakaa vitunguu na viazi, kipo jikoni mahali anapokiona akifika tu mlangoni. Chungu kinapikiwa maharage. Kitu kikiwa kazini hakiwi korokoro, na hutahitaji kueleza. Kilichozidi mwambie mapema kwa adabu, kupitia mwanawe: "Mama, safari hii tuletee unga wa muhogo, vyungu tunavyo."

## Karatasi na dawa

Karatasi zipi nisitupe?

Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vitambulisho vya NIDA, vyeti vya shule, hati au mkataba wa kiwanja, kadi ya gari, pasipoti, kadi za kliniki za watoto. Vyote kwenye faili moja lenye mifuko ya plastiki ndani, faili kwenye begi moja lisilopitisha maji, juu na si uvunguni. Aliyewahi kuingiliwa na maji ya mafuriko anajua kwamba yanaanzia uvunguni. Piga picha kila karatasi.

Mkataba wa pango na risiti za kodi ya nyumba, hifadhi muda wote mnaokaa hapo. Nimewahi kudaiwa kodi ya miezi mitatu niliyokwisha lipa, na kilichoniokoa ni karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya sahani ya wageni. Kama unafanya biashara, kumbukumbu zake ni miaka 5. Risiti ya LUKU ukishaingiza zile tarakimu 20 na umeme ukasoma, haina kazi.

Dawa zilizobaki je?

Zitoe zote mezani, soma tarehe moja moja. Dawa ya maji ya antibayotiki iliyokwisha changanywa haingoji tarehe ya kwenye boksi. Inadumu siku 7 hadi 14 kulingana na maelekezo ya chupa yake, kisha ni ya kutupwa hata ikibaki nusu. Vidonge visivyo na pakiti wala jina vyote vinatoka. Usivimwage chooni, vipeleke duka la dawa au kituo cha afya uwaulize.

Zinazobaki ziwe mahali pakavu, pa juu, penye kufuli. Juu ya friji hapafai, pana joto. Na mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu, dawa ya madoa, kamwe visihamishiwe kwenye chupa ya soda au maji ya kunywa. Nimempokea mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa aliyoizoea kwa juisi. Nyumba nzima inaweza kubaki shaghalabaghala mwaka mmoja zaidi. Hili lifanye leo.

## Mambo yenye utata

Nguo na vitu vya marehemu, tunaweza kuvigawa?

Kwanza ulizeni vya nani sasa. Kwa Waislamu kila alichoacha marehemu ni mirathi, hata kanzu na bakora, na asiye mrithi hawezi kukigawa kwa huruma tu. Familia nyingine zinasubiri kikao cha kuanua matanga au arobaini. Msimamizi wa mirathi akiwepo, yeye ndiye wa kuulizwa. Mtu anayepanga nyumba haraka kwa nia njema ameshawahi kugawa koti lenye kadi ya benki mfukoni.

Baada ya hapo, hakuna haraka. Sanduku moja la marehemu halijazi nyumba.

Ndugu aliniachia mizigo "wiki mbili tu" na sasa ni mwaka wa tatu.

Mpigie, usimwandikie ujumbe. Taja mzigo kwa majina: godoro, begi jeusi, sufuria mbili. Mpe tarehe na sababu isiyo yake, kwa mfano mvua zinakuja na stoo inavuja, au mtoto anahamia chumba hicho. Kama hawezi kuja, muulize nani wa kumkabidhi, au kama yuko tayari ukiuze na umtumie pesa kwa simu. Piga picha siku ya kukabidhi. Usifungue mabegi bila yeye kujua, hata kama harufu inakushawishi.

Na safari ijayo, kabla hujapokea, uliza mnachukua lini. Swali hilo si ukorofi.

Tumepata kunguni. Tutupe vitu vyote?

Hapana. Wengi hukimbilia kutupa kitanda na kunguni wanabaki kwenye pindo la pazia. Ila mrundo unawasaidia, maana kila kifurushi ni maficho. Punguza vitu kwanza ndani ya chumba hicho hicho, usivihamishie chumba kingine ukawasambaza. Nguo na mashuka vichemshe au vifue kwa maji ya moto sana. Kufungia vitu kwenye mfuko wiki mbili hakuwaui, wanaweza kukaa miezi bila kula. Godoro unalotoa lichane na uliandike, asije mtu akaliokota.

Mama yangu mzee anakusanya kila kitu, hadi hakuna pa kulala, na akiguswa anatetemeka. Ni tabia au ugonjwa?

Inaweza kuwa ugonjwa. Kurundika kupita kiasi kumeingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Dalili ya kuangalia ni uchungu mkubwa wa kuachana na vitu visivyo na thamani, hadi vyumba havitumiki tena kwa kazi yake. Kwa mzee kama imeanza ghafla, huenda ni kumbukumbu zinazopotea, na hiyo inahitaji daktari amwone. Kusafisha kwa nguvu wakati amelazwa ni ukatili, na mrundo unarudi. Anzeni na njia ya kupita, jiko, na kitanda, yeye akiwepo. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Muombe rufaa kituo cha karibu.

Nimejifungua juzi na nyumba imenishinda kabisa.

Iache ikushinde. Weka mahali pamoja pa nepi, maji, na kanga safi, karibu na unaponyonyeshea. Wanaokuja kumwona mtoto, akikuuliza mmoja "nikusaidie nini?", usijibu "hamna kitu." Mwonyeshe beseni.

Na kwako je, hivi sasa?

Meza ya chakula ipo wazi, isipokuwa mashine ya kupima presha ambayo nimeileta nyumbani jana na haijapata kwao. Mabeseni matatu yamerudi vyumbani, la nne lipo juu ya mto wa mtu. Mifuko mbadala nimehesabu kabla ya kuandika hapa: kumi na minne. Mkasi hatujauona tangu Jumapili.